Mdhibiti kama Msomaji: Uhakiki wa Sheria za Kuzuia Usemi

Utangulizi

Katikati ya jiji la Nairobi pana eneo dogo ambalo mtu aweza kulizunguka kwa miguu bila kuchoka, na ndani yake mna majengo matatu ambayo mwanafunzi wa fasihi hana budi kuyajua. La kwanza ni Ukumbi wa Kitaifa wa michezo ya kuigiza, la pili ni Chuo Kikuu cha Nairobi, na la tatu ni Kituo cha Polisi cha Central. Wakati wa ukoloni kituo hicho kiliitwa Kingsway, na ndimo alimofungiwa Harry Thuku mwaka 1922. Tarehe 16 Machi mwaka huo umma uliokusanyika kudai aachiliwe ulipigwa risasi, na watu zaidi ya 20 wakafa. Miaka 60 baadaye, Februari 1982, wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ walifika kwenye Ukumbi wa Kitaifa ili waonyeshe tamthilia ya Maitũ Njugĩra, wakakuta milango imefungwa. Wakahamia chuoni kwa mazoezi, na watu wakamiminika kuyatazama mazoezi hayo mpaka nayo yakapigwa marufuku. Tarehe 8 Juni 2025 Albert Ojwang, kijana mwalimu, alifia mikononi mwa polisi katika kituo kile kile cha Central. Alikuwa amekamatwa huko Homa Bay na kuletwa Nairobi kutokana na maneno yaliyochapishwa katika mtandao wa X juu ya afisa wa ngazi ya juu wa polisi. Polisi walisema kwanza kwamba alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha kuwa alikuwa amepigwa. Baadaye maafisa wa polisi walishtakiwa kwa mauaji, na hukumu ya jambo hilo ni kazi ya mahakama.

Wanasheria wameyajadili mambo haya kwa upana, na waandishi wa habari vilevile. Sisi tunaofundisha lugha tumekuwa wazito kusema, kana kwamba neno likishaingia katika hati ya mashtaka linakuwa si letu tena. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kinyume chake. Dai langu ni kwamba udhibiti wa usemi, kabla haujawa tendo la nguvu, huwa ni tendo la kusoma. Mdhibiti ni msomaji: hushika matini, huipa maana, humtafuta mtunzi wake, hukadiria athari yake kwa hadhira, kisha hutoa uamuzi. Hiyo ndiyo kazi ya mhakiki. Basi na tumpime kwa vigezo vile vile tunavyowapimia wanafunzi wetu, tuone kama angefaulu.

Mdhibiti na mhusika wa kubuni

Somo la kwanza tunalomfundisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ni kwamba mhusika si mtu, na msimulizi si mwandishi. Historia ya udhibiti nchini Kenya inaonyesha kwamba somo hili halijafika kila mahali. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alieleza jinsi riwaya yake ya Kigĩkũyũ, Matigari, ilivyopokewa baada ya kuchapishwa mwaka 1986. Kwa mujibu wa maelezo yake, wapelelezi walisikia wakulima wakizungumza juu ya mtu aitwaye Matigari anayezunguka nchini akiuliza habari za ukweli na haki, na amri ikatolewa akamatwe. Ilipogunduliwa kwamba Matigari ni mhusika wa kitabuni, kitabu ndicho kilichokamatwa: mwaka 1987 nakala ziliondolewa madukani.

Kisa hiki hutuchekesha, na wengi wetu hukisimulia darasani kama mzaha. Lakini tusicheke mno. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni, iliyotiwa saini tarehe 16 Mei 2018, ilifanya kosa kuchapisha kwa makusudi habari ambazo ni za uongo, za kupotosha, au za kubuni, kwa nia kwamba zichukuliwe kuwa za kweli. Adhabu iliyowekwa katika kifungu hicho cha 22 ilikuwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Kifungu cha 23 kilikwenda mbali zaidi: kwa habari za uongo zinazoleta hofu au ghasia, au zinazoelekea kumharibia mtu sifa, kifungo kiliweza kufika miaka 10.

Atasema mtetezi wa sheria hiyo kwamba maneno "kwa nia zichukuliwe kuwa za kweli" yanawalinda wasanii. Nami namjibu kwamba asiyejua fasihi ndiye awezaye kutulizwa na maneno hayo. Ni tamthilia gani nzuri isiyotaka hadhira iamini, walau kwa muda wa saa mbili? Kejeli huvaa nguo za taarifa ya kweli, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Barua ya kubuni huandikwa kama barua halisi. Mwandishi wa kejeli akishtakiwa, atalazimika kumthibitishia hakimu kwamba hakutaka kuaminiwa. Yaani atalazimika kuthibitisha kwamba ufundi wake ulishindwa. Jirani zetu wa Uganda wameyaona hayo kwa namna nyingine. Agosti 2019 Dkt. Stella Nyanzi alihukumiwa kifungo cha miezi 18 chini ya sheria ya kompyuta ya nchi hiyo kwa ajili ya shairi alilolichapisha katika Facebook juu ya Rais Museveni. Februari 2020 Mahakama Kuu ikaitengua hukumu hiyo. Shairi lile lilikuwa kali, na wapo walioliona kuwa chafu. Mhakiki ana haki ya kulikataa. Lakini kulikataa shairi ni jambo moja, na kumfunga mtunzi ni jambo lingine, na umbali uliopo kati ya mambo hayo mawili ndio hasa makala haya yanaushughulikia.

Mdhibiti na neno

Kosa la pili la mdhibiti ni la kileksia. Hudhani kwamba maana hukaa ndani ya neno kama maji yakaavyo mtungini, na kwamba ukiuvunja mtungi umeyamaliza maji. Aprili 2022, uchaguzi ukikaribia, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno iliyoyataja kuwa ya chuki. Ndani ya orodha hiyo yalikuwamo "madoadoa" na "kwekwe", na pamoja nayo "sipangwingwi" na "hatupangwingwi".

Tuyatazame maneno haya kama wanaisimu. "Madoadoa" kwa asili ni alama ndogo ndogo katika nguo au ngozi. Katika siasa za Bonde la Ufa, hata hivyo, neno hili lilitumika kuwaita watu wa makabila mengine waliokaa humo, na wito wa kuyaondoa madoadoa ulisikika mahali ambapo baadaye nyumba zilichomwa. Mwenye kulisema jukwaani huko, mbele ya vijana waliojiandaa, anatoa amri. "Hatupangwingwi" ni neno la namna nyingine kabisa. Shina lake ni panga, katika maana ya mtaani ya kumpanga mtu, yaani kumchezea akili; likatiwa kauli ya kutendwa, likarefushwa kwa mkia wa mzaha wa Kisheng. Lilitoka katika wimbo wa vijana, likachukuliwa na chama cha siasa. Maana yake ni kwamba hatukubali kupangwa. Ni neno la ukaidi, na huenda likawa la ufidhuli, lakini halimwambii mtu yeyote amdhuru mwenziwe.

Tume ilikuwa na nia njema, na kumbukumbu ya damu iliyomwagika ilikuwa haki yake. Hata hivyo, kuyaweka maneno haya mawili katika orodha moja ni kukiri kwamba mwandalizi wa orodha hakuuliza maswali ya msingi ya pragmatiki: nani anasema, anamwambia nani, wapi, lini, na msikilizaji ana uwezo gani wa kutenda? Kwa maswali hayo "madoadoa" katika somo la biolojia halina kosa, na neno tamu kama "ndugu" laweza kuwa la kutisha. Orodha ya maneno haiwezi kufanya kazi hiyo. Tena vijana ni watunzi hodari. Neno moja likipigwa marufuku Jumatatu, kufikia Ijumaa Kawangware na Kangemi watakuwa wamekwisha kulizalia neno jingine, na tume itabaki ikikimbiza kivuli.

Hapa yafaa tulitazame pia neno la serikali yenyewe. Toka zama za ukoloni, kosa la kuisema serikali vibaya limeitwa kwa Kiswahili "uchochezi". Vifungu vya sheria vilivyohusu kosa hilo viliondolewa nchini Kenya mwaka 1997, lakini neno halijaondoka midomoni mwa wakubwa. Kuchochea ni nini? Kila aliyewahi kukaa jikoni anajua kwamba kuchochea si kuwasha. Anayewasha huanza na kuni baridi. Anayechochea hukuta makaa yamekwisha kushika. Kwa hiyo anayemwita mwenziwe mchochezi anashuhudia, bila kukusudia, kwamba moto ulikuwapo kabla ya msemaji kufungua kinywa. Lugha imetunza ukweli ambao hati ya mashtaka huuficha. Swali linalofuata, la nani aliyepanga kuni na nani aliyezitia moto, ndilo mdhibiti asilotaka liulizwe. Nayo lugha ya siku hizi imeongeza msemo wa "kuzima mtandao", kama ilivyotendeka Uganda Januari 2021 na Tanzania tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi. Sitiari ni ile ile ya moto. Lakini kilichozimwa hapo ni taa iliyowawezesha watu kuuona moto.

Maneno yasiyo na mpaka

Kosa la tatu ni la utunzi wa sheria zenyewe. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya kilifanya kosa kutuma ujumbe wenye "kuudhi kupita kiasi". Maneno hayo hayakuzaliwa kwetu. Yalitumiwa Uingereza katika sheria ya posta ya mwaka 1935, wakati ambapo mtu aliyepiga simu alipokewa na mhudumu aliyekaa ofisini, na haja ilikuwapo ya kuwakinga wahudumu hao na matusi. Sisi tukayarithi, tukayatoa katika waya wa simu baina ya watu wawili, tukayaweka katika uwanja ambamo mamilioni husema kwa pamoja. Tarehe 19 Aprili 2016, katika kesi ya Geoffrey Andare, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alikibatilisha kifungu hicho kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana mno na hayakumwezesha raia kujua mpaka wa kosa uko wapi. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ilibatilisha pia kosa la jinai la kumharibia mtu jina.

Mtu angetarajia kwamba maneno yaliyozikwa na mahakama yangebaki kaburini. Lakini miaka miwili ilikuwa imetimia tu yakafufuka: sheria ya mwaka 2018, katika kifungu chake cha 27 juu ya unyanyasaji wa mtandaoni, ilitumia tena kipimo cha "kuudhi kupita kiasi", safari hii kwa faini ya hadi shilingi milioni 20 au kifungo cha hadi miaka 10. Tarehe 29 Mei 2018 mahakama ilivisimamisha vifungu 26 vya sheria hiyo kwa ombi la chama cha wanablogu. Februari 2020 jaji mwingine akaiidhinisha. Oktoba 2025 yakaja marekebisho, ambayo pamoja na mengine yaliipa kamati ya serikali uwezo wa kuamuru tovuti ifungwe, na katika mwezi ule ule Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda sehemu za kifungu cha 27. Msomaji anaona mwendo wake. Vifungu huanguka na kuinuka, ilhali msamiati ni mmoja. Ndiyo sababu nasema kazi hii haiwezi kuachiwa mawakili peke yao. Wakili hukishambulia kifungu. Nani ataushambulia msamiati?

Tena kuna jambo la tafsiri. Lugha ya Mahakama Kuu yetu ni Kiingereza. Raia akisema kwa Kiswahili, Kidholuo au Kisheng, na shauri likafika huko, usemi wake hauna budi kugeuzwa ndipo uhukumiwe. Sitiari ikitafsiriwa neno kwa neno hugeuka tishio. Mzaha ukipoteza mkia wake wa mzaha hugeuka taarifa. Katika hali kama hiyo mfasiri ndiye mtunzi wa kosa, na mshtakiwa hufungwa kwa matini ambayo hakuitunga.

Hoja ya upande wa pili

Nisieleweke kwamba nasema maneno hayana uwezo wa kudhuru. Mwalimu wa lugha asemaye hivyo ameidharau kazi yake mwenyewe. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini humu, na maneno yaliyosemwa katika mikutano, redioni na katika ujumbe wa simu yalikuwa na sehemu yake. Aliyenusurika Eldoret au Naivasha ana haki ya kumkasirikia mhakiki anayezungumza juu ya uhuru wa usemi kana kwamba ni jambo la maktaba tu.

Lakini Katiba ya mwaka 2010 ilikwisha kuufikiria msiba huo. Ibara ya 33 inampa kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari, uhuru wa ubunifu wa kisanaa na uhuru wa kitaaluma; kisha inaondoa katika ulinzi huo propaganda za vita, uchochezi wa ghasia, na usemi wa chuki. Mipaka hiyo ni michache, na kila mmoja unamtazama mtu anayeelekezewa madhara. Sheria ninazozipinga zinatazama pengine. Zinamlinda mkubwa asiaibike, na ofisi isiulizwe. Hofu ya mwaka 2007 ilikuwa ya mama aliyechomewa nyumba. Imeazimwa na kuvishwa waziri asiyependa kuchorwa vikaragosi.

Aidha, jadi yetu wenyewe ina njia yake ya kushughulika na usemi mbaya, nayo ni jibu. Katika Mombasa ya Muyaka bin Haji, aliyekufa mwaka 1840, ugomvi wa Wamazrui na Lamu, na baadaye na Seyyid Said, uliendeshwa kwa mashairi vilevile kama ulivyoendeshwa kwa majahazi. Mshairi alitukana kwa vina na mizani, na aliyetukanwa alitafuta mshairi wa kumjibu. Malumbano hayo yameendelea hadi kurasa za mashairi za magazeti yetu. Sheria ya malumbano ni moja: asiyeweza kujibu ameshindwa. Mdhibiti ndiye mshindani anayeomba mashindano yavunjwe kwa kuwa hana beti.

Sitaki kuipamba jadi hii kupita kiasi. Si kila mtu alikuwa na mshairi wa kumsemea, na sauti za watumwa hazikusikika katika malumbano hayo. Lakini dawa ya kasoro hiyo ni kuongeza wasemaji. Kupunguza hakujapata kuwasaidia wanyonge.

Mhakiki na fumbo

Sasa nafika kwenye jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa mwenye umri wa miaka 22, aliandika kijitabu kilichouliza Kenya: Twendapi? Alipata kifungo cha miaka mitatu. Diwani aliyoitunga kwa siri akiwa kifungoni, Sauti ya Dhiki, ilichapishwa mwaka 1973, na mwaka 1974 ikapewa tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Tumezoea kukitaja kisa hiki kama kinaya cha historia. Nakiona pia kama ushahidi. Kijitabu kilisema waziwazi, kikamtia mtunzi gerezani. Mashairi yalisema kwa mafumbo, yakapewa zawadi. Dola ilikuwa imeeleza, bila kujua, ni Kiswahili cha namna gani inachoweza kukivumilia.

Tangu hapo tumelisifu fumbo. Tumeandika tasnifu juu yake, na mimi mwenyewe nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo nililisifu kwa kurasa nyingi, mbali na polisi yeyote. Niliporudi kufundisha hapa jijini niliona upande wake mwingine. Wiki chache baada ya Juni 2025 mwanafunzi mmoja aliniletea tarbia juu ya jogoo wa jirani aliyekatazwa kuwika kwa kuwa mwenye nyumba hajamaliza usingizi. Lilikuwa shairi zuri. Nikaanza kulichambua mbele ya darasa: jogoo ni nani, mwenye nyumba ni nani, usingizi ni nini. Nilipofika kwa mwenye nyumba alinyosha mkono, akasema, "Mwalimu, naomba usinifumbulie hapa." Darasa likanyamaza. Baadaye akaniomba jina lake lisiandikwe juu ya karatasi, ibaki namba ya usajili peke yake.

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua. Hawakutuambia la kufanya pale mwerevu anapolipwa mshahara kwa kazi hiyo, na mjinga akawa anasikiliza mlangoni. Mhakiki anayelifumbua fumbo la mtu aliye hai, katika nchi ambamo usemi ni kosa, huenda akawa shahidi wa upande wa mashtaka. Na anayekataa kulifumbua ameacha kufundisha. Wenzetu waliotutangulia walilipa gharama ya swali hili: Alamin Mazrui alichapisha Kilio cha Haki mwaka 1981, na mwaka 1982 akawekwa kizuizini pamoja na wahadhiri wengine. Wao hawakuwa na budi kuchagua chini ya utawala wa chama kimoja. Sisi tunachagua chini ya katiba inayotupa uhuru wa kitaaluma kwa maandishi, na bado tunashusha sauti.

Hitimisho

Tumeona kwamba mdhibiti ni mhakiki dhaifu. Humchanganya mhusika na mtu, hulitenga neno na muktadha wake, hutumia istilahi zisizo na mpaka, na huidhania hadhira kuwa haina akili. Kasoro hizi kwa mwanafunzi zingemgharimu alama. Kwake zinawagharimu wengine uhuru, na wakati mwingine uhai. Tofauti kuu kati yake na sisi ni kwamba uamuzi wetu hujibika. Nikikosea katika makala haya, mwenzangu ataandika katika toleo lijalo anisahihishe, na taaluma itasonga mbele. Uamuzi wa mdhibiti haujibiki, kwa kuwa umemwondoa anayejibu.

Napendekeza basi mambo mawili. La kwanza, idara zetu ziwe tayari kutoa ushahidi wa kitaalamu mahakamani kila maneno ya Kiswahili au Kisheng yanapoletwa kama kosa, ili maana yake isiachiwe mfasiri wa haraka. La pili, tuzisome sheria hizi darasani kama matini, neno kwa neno, kama tunavyosoma tenzi.

Shairi la jogoo nililitia alama, nikamrudishia mwenyewe likiwa na namba tu. Hata leo sijui kama nilimlinda mwanafunzi yule au nilimfundisha kujificha. Mwenzangu aliye na jibu na alilete.